Nusu kaputi kwa mgonjwa wa moyo: kinachoogopewa ni nini?

Jamaa wengi wa wagonjwa huiogopa dawa ya usingizi kuliko kisu chenyewe. Mgonjwa wa moyo, wanasema, akipigwa nusu kaputi haamki. Hofu hiyo ina msingi, ila hatari haiko kwenye usingizi. Iko katika yale yanayoupata mzunguko wa damu mtu akiwa amelala.

Dawa nyingi za nusu kaputi hulegeza mishipa ya damu, presha ikashuka. Baadhi hupunguza nguvu ya msuli wa moyo. Pumzi nayo hudhoofika au hukatika, mashine ikashika kazi. Lakini mashine haivuti hewa kama tunavyovuta sisi. Inaisukuma, na msukumo ule kifuani hupunguza damu inayorudi moyoni. Moyo wenye afya huyafidia haya yote. Moyo mgonjwa hauna akiba hiyo. Kwa hiyo kazi ya mtaalamu wa usingizi ni kujua mapema ni badiliko gani ambalo mgonjwa huyu, kwa ugonjwa wake huu, hatalistahimili.

Mfano ulio karibu nasi Uganda ni valvu ya mitrali (mlango mmojawapo wa ndani ya moyo) iliyobana, kovu linaloachwa na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Damu kutoka mapafuni lazima ipite hapo. Ni kama abiria wanaoshuka kwenye taksi ambayo mlango wake umekwama nusu: wakipewa muda watashuka wote. Moyo ukienda mbio, muda huo haupo. Damu inarundikana nyuma ya valvu, na mapafu yanajaa maji. Basi mgonjwa huyu anatakiwa moyo wake upige polepole. Sasa tazama ketamini, dawa ya usingizi inayotegemewa sana katika hospitali zetu za wilaya kwa sababu kwa kawaida haishushi presha wala haikati pumzi. Inaongeza mapigo ya moyo. Majeruhi anayevuja damu inaweza kumwokoa, huyu inaweza kumdhuru.

Wengi wa wenye valvu hiyo ni wanawake, na baadhi hugundulika wakiwa wajawazito, damu mwilini inapoongezeka kwa karibu nusu. Ganzi ya mgongoni, ambayo watu huidhani salama siku zote, inaweza kuangusha presha ghafla. Ikitiwa kidogo kidogo kwa mrija mwembamba, mwili hupata muda wa kuzoea. Kipimo na mwendo ndiyo hoja hapa, pengine kuliko jina la dawa.

Upasuaji wa moyo wazi una mambo yake. Mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, na moyo husimamishwa kwa maji yenye potasiamu. Daktari mpasuaji Mmarekani John Gibbon alifanikiwa na mashine hiyo kwa mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1953; Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, imekuwa ikifanya upasuaji wa aina hiyo tangu 2007.

Utafiti unaingia wapi? Katika kupima mazoea. Zamani mapafu mahututi yalisukumiwa hewa nyingi kwa kila pumzi, hadi utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulipoonyesha kuwa mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaotarajiwa kwa urefu wa mgonjwa, badala ya 12, zilishusha vifo kutoka karibu asilimia 40 hadi 31.

Na si kila jibu linatoka ng'ambo. Utafiti wa FEAST, uliotolewa 2011, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko wa damu (damu isiyofika vya kutosha viungoni), huku Uganda, Kenya na Tanzania. Kuwamiminia maji ya mshipa kwa haraka, kama miongozo ilivyoelekeza kwingi, kuliongeza vifo ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Kwa maoni yangu, hakuna kazi iliyowafundisha wahudumu wa mahututi unyenyekevu kama hii.

Mwaka 2018 ukatoka utafiti mwingine, wa wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji wa kila aina katika nchi 25 za Afrika. Zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliofariki, walifariki baada ya siku ya upasuaji. Wengi walivuka chumba cha upasuaji. Walikwama wodini, ambako muuguzi mmoja anaangalia vitanda vingi na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinazungushwa kwa zamu.