Je, Wajua Kwa Nini Mshahara Ukidumaa Lawama Humwendea Mgeni?

Methali yetu humpa mgeni siku mbili za kukaa kitako, na siku ya tatu humpa jembe. Inanyamaza pale ambapo mambo huanza kuwa magumu, yaani siku ya nne, tajiri mwenye shamba anapotambua kwamba mgeni yuko radhi kulima kwa ujira mdogo kuliko mwenyeji. Hapo ndipo mwanasiasa hupata jukwaa. Iwe ni Nakuru, Johannesburg au Michigan, anayepanda juu ya gari na kutangaza kwamba wageni wamenyakua kazi za wenyeji hushangiliwa zaidi na watu wanaoishi kwa kibarua cha siku. Kwa nini maneno hayo huwaingia, hata pale ambapo hesabu haiyaungi mkono?

Ni haki kuanza na hesabu yenyewe, maana si uongo mtupu. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, inajengwa kila upande, na alfajiri vijana hukusanyika kwenye lango la mjengo wakingoja nyapara awachague. Ikiwa anahitaji watu ishirini na waliofika ni sitini, hana sababu ya kuongeza hata shilingi moja, na likiwasili basi jingine la vijana kutoka Busia au Bungoma, sababu hiyo inazidi kupungua. Anayekoroga saruji huliona jambo hili kwa macho yake kila asubuhi, wala hahitaji mchumi wa kumwelezea.

Asichokiona langoni ni mwendo wa pesa jioni. Vijana wale wale waliotoka Busia hupanga vyumba, hununua unga na sukuma wiki, hupanda boda boda na kupeleka viatu kwa fundi. Mwenye ploti huongeza vyumba vingine, na vyumba hivyo navyo huhitaji waashi na vibarua. Kazi katika mji si debe la mahindi ambalo mmoja akichota mwenzake hupungukiwa, kwa kuwa wanaokuja kufanya kazi ndio hao hao wanaokuja kununua. Tena fundi mwashi hupata nafuu vibarua wanapokuwa wengi, kwa sababu ukuta wake huinuka upesi zaidi. Ugumu uko katika kupima upande upi una uzito mkubwa, na kwa muda gani.

Wachumi wamelibishania swali hilo kwa miaka mingi wakitumia mji mmoja wa Marekani, yaani Miami. Kati ya Aprili na Oktoba 1980, Wakuba wapatao 125,000 waliondoka kupitia bandari ya Mariel, na karibu nusu yao wakatua Miami, hata nguvukazi ya mji ikaongezeka kwa takribani asilimia 7 katika kipindi cha miezi michache tu. Mwaka 1990, David Card alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mishahara ya wafanyakazi wasio na ujuzi mkubwa haikushuka ikilinganishwa na miji mingine iliyofanana na Miami. Miaka mingi baadaye George Borjas, ambaye ni mzaliwa wa Cuba, alizipitia upya takwimu hizo akiwatazama wanaume wasiomaliza shule ya sekondari peke yao, akahitimisha kuwa mishahara yao ilishuka kwa kati ya asilimia 10 na 30. Wengine wakamjibu kwamba kundi alilolichagua lilikuwa dogo mno kubeba hitimisho zito kiasi hicho. Card alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, lakini mjadala haujafungwa. Kwa maoni yangu, jambo la kushika katika ubishi wao ni hili: kama kuna anayeumia, basi ni yule wa ngazi ya chini kabisa anayefanya kazi ile ile anayoweza kuifanya mgeni aliyeshuka jana. Kwa hiyo mwenye kulalamika si mjinga.

Hata hivyo, kuumizwa na jambo ni tofauti na kuponywa na kuondolewa kwake, na hapa ndipo ahadi ya jukwaani huanza kuyumba. Tangu 1942 Marekani ilikuwa na mpango wa kuwaleta wakulima wa msimu kutoka Mexico, ulioitwa Bracero, na serikali iliukomesha mwishoni mwa 1964 kwa hoja kwamba mishahara ya vibarua wa mashambani ingepanda. Utafiti wa Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, uliochapishwa 2018, haukuona kupanda huko. Wenye mashamba hawakuwapandishia ujira vibarua waliobaki. Walinunua mashine za kuvuna nyanya, na mazao yasiyo na mashine ya kuyavuna wakayapunguza. Kazi iliyosemekana kuibwa na Mmexico haikurudi kwa Mmarekani, bali ilimezwa na chuma.

Mashine, basi, ni mshukiwa asiye na uso, na kuna washukiwa wengine wa aina yake. Wakazi wa Nakuru wana mfano wao. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifunguliwa mjini humo mwaka 1967, na kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa milango ambayo kijana wa mji alitarajia kubisha. Mwaka 2014 kilifungwa, kampuni ikaamua kuagiza betri kutoka Misri badala ya kuzitengeneza hapa, baada ya muda mrefu wa kusukumwa na betri za bei rahisi kutoka nje na gharama kubwa za uzalishaji. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeingia langoni na kukaa kwenye kiti cha mfanyakazi wa Nakuru, lakini viti vyenyewe vilitoweka. Kisumu nayo inaikumbuka KICOMI, kiwanda cha nguo kilichoporomoka wakati pamba ya wakulima ilipokosa bei na mitumba ikajaa sokoni. Mtu atamnyooshea nani kidole? Ushuru wa forodha? Bei ya umeme? Uamuzi uliofanywa katika chumba cha mkutano asichokijua? Mgeni ana sura, ana lafudhi, na anapanga mlango wa pili. Katika orodha nzima ya sababu zinazodumaza mshahara, huyo ndiye pekee anayeweza kuonekana na kufukuzwa, na mwanasiasa anayetafuta jambo la kuahidi hulichukua lililo karibu na mkono.

Hii ndiyo sababu hasira haifuati wingi wa wageni peke yake. Katika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, London, yenye wahamiaji wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Uingereza, ilipiga kura ya kubaki katika Umoja wa Ulaya, ilhali mji mdogo wa Boston katika jimbo la Lincolnshire uliongoza nchi nzima kwa kutaka kujitoa, kwa asilimia 75.6. Boston ni mji wa mashamba ya mboga. Tangu 2004, nchi za Ulaya Mashariki zilipojiunga na umoja huo, wafanyakazi kutoka Poland, Lithuania na Latvia walimiminika huko kwa kasi kuvuna na kufungasha kabichi. Aliyezoea wageni tangu utotoni haoni ajabu, lakini mji uliobadilika ndani ya miaka kumi, huku ujira ukibaki pale pale, huunganisha mambo hayo mawili bila kuhitaji ushahidi wa tatu.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tumewahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo. Kwa miongo kadhaa watu wa Nyanza na Magharibi walivuka mpaka kufanya kazi Kampala na Jinja, katika reli, viwandani na kwenye mashamba ya miwa, na baadhi yao wakapanda hadi uongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Uganda. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliamua kwamba kazi zisizohitaji ujuzi ziwe za raia, na Wakenya wapatao 30,000 wakalazimika kurudi nyumbani. Miaka miwili baadaye, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka. Maduka na viwanda vyao viligawanywa, na uzalishaji wa sukari ukaporomoka. Nigeria nayo iliwafukuza wageni zaidi ya milioni moja, wengi wao Waghana, mwanzoni mwa 1983, bei ya mafuta iliposhuka na ajira kuwa adimu. Mwaka 1985, chini ya serikali nyingine, ikawafukuza tena wageni mamia ya maelfu, jambo linaloonyesha kwamba mfukuzo wa kwanza haukumaliza tatizo uliloelekezwa kwalo.

Katika kampeni za Kenya za 2022, hotuba za aina hiyo zilielekezwa zaidi juu kuliko nje, kwa familia zenye majina makubwa, naye hasla wa wilibaro akawa ndiye mwananchi wa kweli. Hata hivyo mgeni hakusahauliwa. Mwezi Juni mwaka huo William Ruto, wakati huo naibu rais na mgombea, aliahidi kuwafukuza Wachina aliosema wanachoma mahindi na kuuza simu, kazi ambazo Wakenya wanaweza kuzifanya. Nimekula mahindi choma katika stendi nyingi kati ya Nakuru na Kisumu na sijawahi kuuziwa na Mchina, lakini nguvu ya ahadi ile haikutegemea idadi yao. Jiko la mahindi ni biashara ya mtu aliyekosa biashara nyingine, na kusikia kwamba hata hilo linanyemelewa humgusa kila aliyewahi kulipuliza.

Wala mgeni halazimiki kuwa mwenye pasipoti ya nchi nyingine. Mashamba ya maua ya Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, yamejaa wafanyakazi waliotoka magharibi, na mwishoni mwa Januari 2008 wengi wao walishambuliwa na kufukuzwa kutoka vyumba walivyopanga, wakati kwingine katika Bonde la Ufa waliohamia kutoka katikati mwa nchi walikuwa tayari wamechomewa nyumba. Tume iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi ilihesabu vifo 1,133 nchini. Katika ghasia za miaka ya 1990 majirani walikuwa wamekwisha kuitwa madoadoa, yaani wageni wasiotakiwa. Ardhi na kura zilikuwa na sehemu kubwa katika uhasama huo, lakini njia ni ile ile: mwenzako wa zamu hugeuzwa kuwa sababu ya upungufu wako.

Wakati huo huo, kinachopandisha ujira hufanya kazi polepole na bila kelele. Katika mashamba hayo ya Naivasha ujira hutegemea sana mkataba wa pamoja, ambao chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa hujadiliana na waajiri wa kilimo kifungu kwa kifungu: posho ya nyumba, likizo, malipo ya saa za ziada. Nchini Marekani mfanyakazi mmoja kati ya watano alikuwa mwanachama wa chama mwaka 1983. Kufikia 2023 alikuwa takribani mmoja kati ya kumi, na kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009. Takwimu hizo zinaeleza hali ya kibarua vizuri kuliko idadi ya waliovuka mpaka. Ila majadiliano ya mkataba huchukua miezi, hufanyika kwenye ofisi yenye mlango uliofungwa, na umati uliojaa uwanja wa Afraha mjini Nakuru siku ya kampeni haukuja kusomewa kifungu cha saa za ziada.