Ndizi kisukari

Kisukari ni aina ya ndizi ya kuliwa mbivu: fupi, ganda jembamba, nyama laini, tamu yenye uchachu kwa mbali. Ndilo jina lake Tanzania. Uganda huitwa sukali ndizi, Rwanda na Burundi kamaramasenge. Usiitambue kwa udogo tu, maana ndizi yoyote iliyokatwa changa nayo huwa ndogo. Kidole cha kisukari kilichokomaa hujaa na kuwa duara, kingo zake zikafifia.

Hapo ndipo mkungu hukatwa. Tenganisha chana, zipange kwenye tenga lililotandikwa majani makavu ya mgomba, kisha funika. Huko ndiko kuvumbika: joto na gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi zenyewe huziivisha, kwenye joto la pwani kwa siku 3 mpaka 5, nyanda za juu zaidi ya hapo. Iliyokatwa mapema mno hupiga njano nje huku ndani ikibaki ngumu na yenye kukaza ulimi. Iliyoiva kupita kiasi hukatika shingoni, kwa hiyo za safari zisafirishwe zikiwa bado za kijani. Friji haifai: chini ya nyuzi 13 hivi ganda huwa jeusi.

Shambani tatizo kubwa la kisukari ni ugonjwa wa Panama, yaani mnyauko fuzari. Aina ya kuvu inayoishambulia haidhuru matoke, yaani ndizi za kupika za nyanda za juu, ndiyo maana unaweza kukuta mgomba wa matoke umesimama vizuri pembeni ya kisukari kinachokufa. Kuvu huingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji. Majani ya chini huanza kuwa njano pembezoni, hukatika kwenye vikonyo na kuning'inia kuzunguka shina, na shina nalo mara nyingi hupasuka karibu na ardhi. Likate: utaona madoa na mistari ya kahawia au nyekundu.

Wengi huuchanganya na mnyauko bakteria. Pasua ndizi moja. Kwenye mnyauko bakteria, ndani huwa na rangi ya kahawia, mkungu huiva kabla ya wakati na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Kwenye Panama nyama ya ndizi haibadiliki hivyo.

Panama haina dawa ya kupuliza. Kuvu hukaa udongoni miongo kadhaa, na kisukari hakina mbegu. Hupandwa kwa machipukizi, ambayo hubeba ugonjwa kutoka kwa mgomba mama hata yakionekana mazima. Chukua miche ya maabara au ya shamba lisilowahi kuugua. Chimba shimo la sentimeta 60 kila upande, nafasi ya mita 3 kwa 3, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Jembe lililotoka shamba jingine lioshwe udongo wote kwanza. Lakini mche safi ukiupanda palepale kisukari kilipofia, utakufa vilevile. Hapo panda matoke.