Hongwe wa delta ya Rufiji: DNA inavyotusaidia kuwatofautisha

Pale diko la Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji nchini Tanzania, hakuna anayechanganya kambare na hongwe. Kambare ana sharubu nane na pezi refu la mgongoni lisilo na mwiba. Hongwe kwa kawaida ana sharubu sita na miiba mitatu yenye meno, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, na aliyewahi kuchomwa anaijua sumu yake. Taabu huanza pale unapotaka kutofautisha hongwe na hongwe mwenzake. Spishi zao hufanana rangi na umbo, kiasi kwamba mtaalamu hulazimika kumpanua samaki mdomo na kukagua mabaka ya meno kwenye kaakaa. Samaki akishakatwa kichwa, au akiwa bado kitoto cha sentimita tatu, njia hiyo haisaidii.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu ya namna hongwe anavyozaa. Jike hutaga mayai machache, makubwa kama gololi, na dume huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, muda wote huo akiwa karibu hali kitu. Ukimvua dume mwenye mayai, umevua na watoto wake wote. Sasa kama spishi mbili zinaandikwa kwenye daftari la mavuno kwa jina moja tu, “hongwe”, moja inaweza kupungua mpaka kutoweka huku jumla ya kilo ikionekana nzuri. Hilo ndilo linalotutia wasiwasi.

Hapo ndipo unapotusaidia msimbopau wa DNA, yaani kumtambua mnyama kwa kipande kifupi cha DNA yake. Ulipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Kwa kila mnyama husomwa kipande kilekile cha jeni iitwayo COI, iliyomo kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati. Kipande hicho kina herufi za DNA (A, C, G na T) zipatazo 650. Mwaka 2005 watafiti waliosoma spishi 207 za samaki wa Australia walikuta kwamba samaki wa spishi moja hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.39 tu, ilhali spishi za jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, hutofautiana kwa karibu asilimia 10. Pengo hilo ndilo linalotuwezesha kusema huyu ni fulani, hata kama tulicholetewa ni yai moja au mnofu usio na ngozi.

Sampuli yenyewe ni ndogo: ncha ya pezi, kama punje ya mchele, inayotumbukizwa kwenye ethanoli. Formalini haifai, maana huiharibu DNA. Mkasi hufutwa na kupitishwa kwenye moto kabla haujamgusa samaki mwingine, kwa kuwa ute kidogo tu wa samaki wa kwanza unaweza kuvuruga majibu. Maabara hutoa DNA, hukinakili kile kipande mara nyingi kwa njia iitwayo PCR, kisha mashine hukisoma herufi kwa herufi. Samaki wa kubanikwa DNA yake huwa imekatikakatika, kwa hiyo kwake husomwa kipande kifupi zaidi.

Mashine, hata hivyo, haijui jina la samaki. Hulinganisha tu herufi na zile zilizokwisha kuwekwa kwenye maktaba ya kimataifa ya misimbopau, na kama aliyeziweka alikosea jina, kosa linakufikia wewe. Ndiyo maana nasisitiza samaki mzima ahifadhiwe pamoja na sampuli, ili meno yake ya kaakaa yakaguliwe tena shaka ikitokea. Pia mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Nchini Thailand wafugaji huzalisha chotara wa jike la Clarias macrocephalus na dume la kambare wetu wa Afrika, Clarias gariepinus. COI ya chotara huyo itamtaja mama tu. Kumgundua, lazima zisomwe pia jeni za kwenye kiini cha seli.

Mvuvi wa delta akipata hongwe asiyemwelewa, asimpasue wala kumkata kichwa. Amweke kwenye barafu, ampige picha ya ubavuni, amwambie ofisa uvuvi amemvulia mkondo gani, maji yakijaa au yakitoka, na wazee wa pale wanamwitaje.