Mzazi hafungwi kwa ngumi ya mtoto uwanjani
Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp nchini Kenya: mtoto akimjeruhi mwenzake kwenye ugomvi wa mpira, mzazi hufungwa badala yake. Si kweli. Jinai humfuata aliyeitenda, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai. Wengi huchanganywa na fidia: mahakama inaweza kumwagiza mzazi alipe, lakini kulipa si kifungo. Mzazi aliyechochea vurugu au kuingia uwanjani kupiga, huyo hujibu kosa lake mwenyewe. Sheria hiyo inasomeka bure mtandaoni. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawatisha wazazi hadi wanawakataza watoto kucheza, na hilo linaumiza.