Mchoro kuingia kwenye programu si bei kupatikana

Kwenye karakana za vyuma za Ngamiani, Tanga, utasikia kwamba ukishapakia mchoro wa DXF (faili la mchoro wa kompyuta) kwenye programu ya kukadiria bei, kazi imekwisha: toa profoma, mpe mteja. Si kweli, na imani hii inawatia watu hasara.

Faili la DXF hubeba mistari. Unene wa shiti na aina ya chuma mara nyingi havimo, na hata kipimo chaweza kukosekana: imeandikwa 300 tu, programu inakisia kama ni milimita au inchi. Ikikisia inchi, kipande cha milimita 300 kinageuka cha mita 7.62, wakati shiti ya kawaida ina urefu wa mita 2.44. Kosa hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni mistari miwili iliyolaliana: kwa macho ni mmoja, lakini ukataji unahesabiwa mara mbili, bei inapanda, mteja anahamia kwa jirani.

Kwa jedwali la Excel linaloorodhesha vipande, linda namba zake. 0045 hugeuka 45, na 3-12 huwa tarehe. Hapo programu, inayotafuta mchoro kwa namba hiyo, haioni mchoro wa kipande. Fanya safu hiyo iwe ya maandishi kabla hujachapa chochote.

Halafu kagua kipande kimoja kwa mkono. Milimita 200 kwa 300, unene 3, chuma cha kilo 7,850 kwa mita ya ujazo: ni kama kilo 1.4. Programu ikileta uzito ulio mbali na huo, profoma isitoke.