Kama wachezaji wengi huchagua wema, mbona Ultima Online ilijaa wauaji?

Mpe mtu gemu ya kuigiza mhusika, mwambie yuko huru kuwa shujaa au katili, na kwamba hakuna atakayemwadhibu. Wengi watachagua ushujaa. Mwaka 2020 John Ebenger, aliyewahi kushiriki kutengeneza Mass Effect katika kampuni ya BioWare, alisema kuwa takribani asilimia 92 ya wachezaji wake walifuata njia ya wema, ingawa watengenezaji waliufanyia kazi kubwa upande wa pili pia. Gemu hiyo huchezwa peke yako. Wahusika unaowatendea ni picha tu, na bado watu walikosa moyo wa kuwaonea.

Basi mbona gemu za mtandaoni, ambako upande wa pili kuna binadamu hasa, zilipata sifa ya kuwa maskani ya wauaji na wanyang'anyi? Jibu zuri kuliko yote ninaloliona limo katika historia ya Ultima, mfululizo wa gemu za kuigiza mhusika.

Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alitoa Ultima IV. Haikuwa na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Kazi yako ilikuwa kuziishi fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Muuzaji mmoja wa vitu vya kutengenezea uchawi alikuwa kipofu: alikutajia bei, kisha akakuachia uhesabu mwenyewe sarafu za kumlipa. Ukimpunja, hakuna kengele iliyolia wala mlinzi aliyekuja. Gemu ilikata alama zako kimyakimya, na ulipotaka kujua umefikia wapi ilibidi umwendee mwonaji Hawkwind katika kasri ya Lord British, mfalme wa nchi ya Britannia ndani ya gemu, naye akakwambia ukweli. Sijaona namna bora zaidi ya kulipima jambo hili, kwa sababu mtu hakujua ni lini anapimwa.

Septemba 1997 ulimwengu ule ule wa Britannia ukafunguliwa mtandaoni kwa jina la Ultima Online, maelfu ya watu wakaishi humo kwa pamoja. Mijini kulikuwa na walinzi. Ukitoka nje ya mji, mchezaji yeyote aliweza kukuua, kuipekua maiti yako na kuchukua kila ulichobeba. Wachimba madini waliokwenda milimani na sururu zao walikuwa windo rahisi. Hata Lord British, mhusika wa Garriott mwenyewe, aliuawa mbele ya raia wake wakati wa majaribio ya Agosti 1997, na mchezaji aliyejiita Rainz.

Ni rahisi kusema kwamba mtandao uligeuza watu kuwa wabaya. Siamini. Turudi kwenye ile asilimia 92 na tuwatazame wanane waliobaki katika kila mia. Anayecheza peke yake akachagua ukatili hamwumizi mtu. Ubaya wake unaishia kwenye kompyuta yake. Mweke huyo huyo kwenye dunia moja na wale wengine, naye ataua kumi kwa usiku mmoja, na kila mmoja wa hao kumi atakwenda kulala akiamini kwamba gemu imejaa wauaji. Chui mmoja akiingia zizini, hesabu ya mbuzi haijabadilika, lakini hakuna mbuzi anayelala.

Kuna sababu nyingine mbili zilizoongeza uzito. Kuua kulilipa, na kulilipa papo hapo, kwa dhahabu na silaha za mwenzako. Tena porini hakuna aliyekuuliza unachagua nini. Katika hadithi iliyoandikwa, mambo husimama, uso wa mtu hukutazama, na majibu mawili yanakungoja uchague. Katika uwanja wa wazi unaona tu mtu amebeba mzigo, na wewe una upanga. Wengi walioua walijiona washindani, na neno uovu halikuwapitia akilini.

Watengenezaji walijaribu rangi. Jina la asiye na hatia liliandikwa kwa buluu, la mhalifu kwa kijivu, la muuaji kwa nyekundu. Aliyeuawa aliulizwa kama anataka kumshitaki aliyemuua, na mashitaka matano yalitosha kukufanya mwekundu ambaye walinzi wa miji humwua wakimwona. Kasoro yake ni kwamba kanuni iliweza kuona tendo, haikuweza kuona nia. Wajanja wakajifunza kumchokoza mtu mpaka arushe pigo la kwanza, ahesabiwe mhalifu, kisha wamuue wakibaki na majina yao ya buluu. Mwaka 2000 dunia nzima ikanakiliwa: Felucca ikabaki na hatari zake, na Trammel ikawa mahali ambapo huwezi kumshambulia mwenzako bila ridhaa yake. Wachezaji wengi wakahamia Trammel. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kwamba wapenda amani walikuwa wengi tangu mwanzo, ila hawakuwa na pa kukaa.

Star Wars: The Old Republic, gemu nyingine ya mtandaoni iliyotolewa Desemba 2011, ilipita njia nyingine. Uchaguzi wa wema na uovu uliwekwa ndani ya mazungumzo, kwa alama za upande wa nuru na upande wa giza, na wanaodhurika ni wahusika wa hadithi. Udhaifu wake ni zawadi: baadhi ya vifaa hupewa aliyefika mbali upande mmoja, hivyo wengi huamua mara moja tu, kisha hubonyeza jibu la upande ule ule bila kusoma.

Lakini mkicheza kikundi mambo hunoga. Katika misheni ya The Black Talon, nahodha Orzik anakataa amri ya kuifuata meli ya adui kwa kuhofia maisha ya watu wake, nanyi mnaamua mumwue au mumwache hai. Kila mmoja huchagua jibu lake, kisha gemu humpa kila mtu namba ya bahati, na mwenye namba kubwa ndiye anayesema. Akishinda aliyetaka damu, nahodha anakufa, na wewe uliyetaka aishi unaandikiwa alama zako za nuru vilevile.