Je, wajua kwa nini ngome ya Maiden Castle ilizungushiwa matuta mengi ya udongo?

Maiden Castle ni kilima cha chaki, mwamba laini mweupe, karibu na mji wa Dorchester, kusini mwa Uingereza. Watu wa Enzi ya Chuma walianza kukigeuza ngome yapata mwaka 600 KK. Miaka kama 150 baadaye waliipanua hadi hekta 19, eneo linalozidi viwanja 25 vya mpira. Walichimba handaki, wakarundika udongo wake ukawa tuta, kisha wakaongeza jingine na jingine.

Tuta moja halikutosha? Jibu mojawapo ni teo, kamba ya kurushia mawe. Karibu na lango la mashariki kulifukuliwa shimo lenye kokoto zaidi ya 20,000 za kurushia, zilizobebwa kutoka ufukwe wa Chesil. Adui aliyepanda tuta la kwanza alikuwa bado mbali, ameanza kuchoka, na mawe yanamshukia kutoka juu. Malango nayo yalipindapinda, hivyo aliyeingia alizungushwa katikati ya matuta huku walinzi wakimtazama kutoka juu.

Lakini vita pekee haielezi kazi kubwa kiasi hicho. Chaki iliyochimbwa karibuni ni nyeupe pe, na kilima kile kilionekana kutoka mbali. Naamini matuta yalijengwa pia ili majirani wajue ukoo huu una watu na una nguvu.

Mwaka 1934 wanaakiolojia Mortimer Wheeler na mkewe Tessa walianza kuchimba hapo, kazi iliyoendelea hadi 1937. Walikuta makaburi yenye mifupa iliyokatwakatwa, na Mortimer akahitimisha kuwa Warumi ndio waliowaua watu hao walipovamia mwaka 43 BK. Simulizi hiyo ilifundishwa kwa miongo mingi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bournemouth walitangaza vipimo vya kaboni, vya kujua umri wa mifupa, vinavyoonyesha kwamba watu hao hawakufa siku moja. Walikufa kwa nyakati tofauti, tangu mwishoni mwa karne ya 1 KK hadi mwanzoni mwa karne ya 1 BK. Basi huenda waliuawa na Waingereza wenzao, muda mrefu kabla Mrumi hajafika.

Ngome hii inalindwa kwa sheria ya mambo ya kale. Leo unaweza kutembea juu ya matuta bila kiingilio, ila kuchimba au kupitisha kifaa cha kusakia vyuma bila kibali ni kosa la jinai.